Kikasha cha Mlango wa Sinagogi

Guangzhou, China
14 Machi 2006

Kwako Babu, wajina wangu,

Pokea salamu nzito kama marobota ya nguo ya hapa sokoni Guangyuan. Goti linasemaje? Na yale meno mawili yaliyobaki, bado yanagombania mahindi ya kuchoma? Mimi ni mzima, nimenenepa, utanipita njiani.

Babu, mjukuu wako ni mtu huku. Shule niliikimbia darasa la saba, lakini leo wanunuzi wa Nairobi na Kongo hawashiki hata soksi pale soko la Zhanqian bila kuniuliza. Nikiingia dukani, laoban, ndiye bosi kwa Kichina, ananivutia kiti mwenyewe.

Binamu yangu Kawira ameniandikia. Anasema mjukuu wa Wayahudi waliojenga sinagogi ya pale mjini kwetu anakuja kuiona Pasaka hii, nawe umepaka chokaa, umesugua mabenchi ya mwerezi, umepanda hadi roshani walikokaa wanawake ukafuta buibui. Miaka thelathini na minane unatunza nyumba isiyo na waumini! Tena akasema kile kikasha cha shaba cha kwenye mwimo wa mlango hakionekani tangu mwaka jana, nawe umemfukuza Mutua mkata nyasi, kwa kuwa bisibisi anayo yeye tu.

Hapo maringo yaliniisha.

Ulinionyesha nikiwa mdogo kwamba kabati la vitabu vyao liko ukuta wa kaskazini kwa sababu Yerusalemu iko huko, na kwamba mawe yale yalichongwa kwa mkono moja moja. Ukaniambia niguse kikasha kabla ya kuingia, kama mtu anayebisha hodi. Nikakucheka, nikauliza nani ataitika. Ukanijibu, "Hodi ni adabu ya anayeingia."

Babu, ni mimi niliyekichukua. Asubuhi ya safari niliazima bisibisi ya Mutua, nikamdanganya nakaza sanduku. Huku biashara ni sampuli: unaleta kitu kimoja, kiwandani wanakutolea elfu. Niliota kupamba milango yote ya Nairobi. Laoban mmoja wa kiwanda akakipasua kwa msumeno apime unene wa shaba. Kutoka ndani kikaanguka kipande cha ngozi kilichokunjwa, kimeandikwa kwa mkono, herufi ndogo kama siafu. Akauliza kama na hicho anakili. Miaka yote nikikigusa, sikujua kuna maneno ndani. Nikaokota, nikatoka. Tangu Novemba kinalala chini ya mto wangu.

Mwikali, mfanyabiashara wa soko la Gikomba, anarudi nyumbani Jumamosi. Nimempa ile ngozi na vile vipande viwili vya shaba, nimevifunga ndani ya soksi mpya. Mgeni mwambie ukweli. Lakini kwanza mwite Mutua, umsomee barua hii yote.

Nisalimie Nyanya na Kawira. Mutua pia, kama atazipokea salamu zangu. Najua ukifika hapa chini utatamani kuliruka jina, maana ni lako pia. Usiliruke, Babu. Lisome kwa sauti.

Mjukuu wako,
Kimani