Mnene na Mwembamba

4 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaifungua bahasha. Hali yangu njema. Goti linalalamika mvua ikikaribia, viungo vingine vinafanya kazi kwa zamu. Wewe je? Unakula? Ile miguu uliyosema inavimba kwa kusimama dukani kutwa imepona?

Nakurudishia barua yako ya mwezi uliopita pamoja na hii, kama kawaida yetu. Kalamu nyekundu imegusa mahali kumi na saba. Usinune. Miaka thelathini na mmoja nimesahihisha maandishi ya watu matbaani nikalipwa, wewe nakufanyia bure.

Sasa kuna jambo. Matbaa wamenikumbuka. Wana kamusi ya majina ya mimea, kurasa mia sita, na mhariri mpya anasema kazi hiyo hamwamini mtu mwingine ila mimi, Mzee Nukta. Ujumbe wake niliusoma mara nne nikiwa nimesimama. Tangu nistaafu, na tangu mama yako atangulie, hakuna aliyenihitaji kwa lolote zaidi ya kumshikia ngazi. Tatizo ni kwamba siku hizi hawachapi kurasa za kusahihisha. Wanazituma kwenye kishikwambi, unasoma humo na kusahihisha humo humo. Wamenipa hadi mwezi wa nne niwe nacho.

Nimekwenda madukani nikauliza, nikaandika yote daftarini. Viko viwili vinavyogombania moyo wangu. Kimoja nimekiita Mnene, cha pili Mwembamba. Mnene bei yake ni nusu ya mwenzake, mzito kama sinia, kioo kipana sawa na ukurasa wa daftari kubwa, chaji inakaa siku mbili. Mwembamba ana kioo kidogo lakini kinang'aa, kamera mbili, kalamu yake mwenyewe, na ukimbeba, wanasema, hujui kama umebeba kitu. Wewe unaviuza vyote viwili, kwa hiyo mtaalamu wa ukoo huu ni wewe. Nina swali moja: kwa mtu atakayesoma kutwa, herufi zinaweza kukuzwa kiasi gani na ukurasa ukabaki ukurasa? Nauliza tu. Macho yangu hayajambo, ila si ya kijana.

Baba yako

22 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima wa afya, hofu yangu ni kwa hilo goti. Miguu imepungua kuvimba, nimenunua viatu kama vya manesi, vibaya kweli lakini vinaokoa. Mahali kumi na saba! Mwenzangu wa kaunta aliiona karatasi yako nyekundu akaniuliza kama nimeshtakiwa.

Habari ya kamusi imenifanya nipige kelele stoo mpaka mlinzi akaja. Hongera sana. Nilisema mimi, hawawezi kukaa bila Mzee Nukta.

Haya, tableti. (Najua, kishikwambi.) Baba, chukua Mwembamba, tena usijiulize mara mbili. Mnene ni mzigo. Rangi zake zimepauka, kasi yake ya kinyonga, na mwakani utakuwa unatafuta kingine. Mwembamba memori yake ni mara mbili, anapiga picha safi, na ile kalamu utaandika nayo kwenye kioo kama karatasini, hata wino mwekundu upo! Tofauti ya bei ni kubwa, sikatai, lakini unalipia ubora. Suala la herufi lisikusumbue, siku hizi vyote vinakuza.

Tena hapa kwetu kuna punguzo mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nitumie pesa nikununulie hapa dukani kwangu, kwa mkono wangu, halafu nikufungie nikutumie. Ila zifike kabla ya tarehe thelathini. Tafadhali Baba, usichelewe.

Binti yako

11 Machi

Kiherehere,

Marahaba. Mimi sijambo, na goti linakusalimu.

Pesa nimetuma leo asubuhi. Nakiri kwamba nilikuwa nimeshamwegemea Mnene. Nilimshika dukani, nikamwomba muuzaji anikuzie herufi, nikasoma mistari sita bila kukunja uso. Nikafurahi kama mjinga. Mwembamba hawakuwa naye, walinionyesha picha tu. Nilipopata barua yako nikajiambia, yule muuzaji hanijui, mwanangu ananijua. Nikalifunga daftari.

Kilichopungua kwenye bei nimekijazia kwa kuuza taipureta. Usihuzunike, ilikuwa inashikilia mlango tu usipigwe na upepo.

Barua yako nimeifunga humu. Makosa tisa. Unapiga hatua.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

U hali gani? Mimi niko vizuri, zaidi ya vizuri. Kifurushi kimeondoka juzi, nimekizungushia sponji mara tatu. Fungua taratibu usije ukakata kioo kwa mkasi. Fungua taratibu usije ukakata kioo kwa mkasi.

Na mimi nina habari. Nimekuwa msimamizi! Kaunta nzima iko chini yangu. Nimepewa koti la bluu lenye mfuko wa kalamu, na kiti, Baba, kiti cha kuzunguka. Miguu yangu haiamini. Walinitangaza mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi, mimi nikatazama viatu.

Ukianza kamusi niambie mmea wa kwanza ni upi. Na kama kuna chochote kwenye Mwembamba hukipendi, chochote kile, niambie mapema.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu msimamizi,

Marahaba, na hongera. Nimelitembeza jina lako mtaa mzima. Mimi mzima.

Kifaa kimefika salama. Kizuri mno. Chembamba hivi kwamba siku ya kwanza nilikitafuta nusu saa, kumbe nimekifunika kwa gazeti. Kila apitaye anakiomba akishike, na nimempiga picha paka wa jirani, ametoka kama bwana harusi. Nawaambia wote, huyu alichaguliwa na binti yangu, na binti yangu ndiyo kazi yake.

Kamusi inakwenda.

Barua yako hii hapa, nairudisha. Safari hii sina la kusema. Pumzisha miguu.

Baba yako

24 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Barua yangu iliporudi nyeupe, bila doa moja jekundu, niliruka. Miaka yote hiyo, haijawahi kutokea. Niliibandika ukutani nyuma ya kaunta, kila aliyepita nikamwambia, mnaona, hata baba yangu kashindwa kunikosoa. Nilitamba wiki nzima.

Juzi mama anayesafisha duka alikuwa anaisoma huku ameegemea fagio. Akaniuliza, "Dada, mbona hapa umeandika sentensi moja mara mbili?" Nikaangalia. Ni kweli, mstari mzima nimeurudia chini ya mwenzake. Nilikuwa naandika huku nahudumia wateja. Kosa la namna hiyo wewe ungeliona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Baba, barua ile uliisoma?

Na ukikuza herufi kwenye Mwembamba, ukurasa unatoka nje ya kioo ukawa unausukuma kwa kidole, kulia, kushoto? Nauliza tu. Kamusi imefika wapi? Hukuniambia hata mmea wa kwanza.

Nimeibandua ile barua.

Binti yako

25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, najua. Hii naiandika kwa rula: naiweka juu ya karatasi, naandika ukingoni mwake, naiteremsha upana wa kidole, naendelea. Mistari ikipandana, vumilia.

Ulitaka ukweli. Macho yalianza kufifia mwaka juzi. Daktari anasema hayatarudi, yatazidi kupungua, ila maandishi makubwa nitayasoma kwa miaka kadhaa bado. Barua zako za mwanzo nilizisoma kwa lenzi, moja siku mbili. Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Msahihishaji asiyeona ni kichekesho, na mimi nilizoea kuwacheka wengine.

Mwembamba, nikikuza herufi, ananipa maneno matatu. Nasukuma, matatu mengine. Nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau ulivyoanza. Kurasa mbili zilinichukua siku nzima. Mhariri alipodai kurasa ishirini nilimpelekea zote, nusu yake sijazisoma, nikimwomba Mungu zisiwe na kosa. Mimi huyo, Mzee Nukta. Zilikuwa na makosa sitini na moja. Mhariri hakufoka. Aliniambia, "Pumzika, Mzee," na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natazama chini hata kama niko peke yangu. Kamusi amepewa mtu mwingine mwezi wa tano.

Usijilaumu. Kifaa hakina kosa na wewe ulichagua kilicho bora. Kasoro ni yangu niliyeficha. Ningekwambia mapema habari ya macho ungenichagulia Mnene, nina hakika hiyo. Hilo ndilo linalonifedhehesha kuliko hata zile kurasa: nimemfanya mwanangu akosee kazi anayoijua.

Barua zako mbili za mwisho nilisomewa na fundi saa, jirani yangu. Mtu mwema, ila ana sauti ya mnadani, na kibandani kwake wateja hawakatiki. Alipofika pale pa mama wa fagio na sentensi mara mbili walicheka, nami nikacheka nao. Kwa hiyo ya ndani usiyaandike. Mengine andika, wanapenda kusikia. Bado nawaambia binti yangu alinichagulia kizuri kuliko vyote.

Baba yako

16 Agosti

BABA, SHIKAMOO.

HIZI SOMA MWENYEWE. USIMPE FUNDI SAA.

NI KADI ZA BEI. NIMEANDIKA NYUMA YAKE KWA KALAMU YA DUKANI.

NILIJUA KUWA MNENE NDIYE ANAYEKUFAA.

NILIJUA TANGU NILIPOLISOMA SWALI LAKO.

ALIYEUZA MWEMBAMBA AROBAINI KUFIKIA MWISHO WA MACHI ALIPEWA CHEO.

MIMI NILIKUWA NA THELATHINI NA TISA.

WA AROBAINI ULIKUWA WEWE.

HUKUNIFANYA NIKOSEE. SIKUKOSEA. NILIFANYA MAKUSUDI.

MACHO YAKO NISINGEWEZA KUYAPONYA. KWA MNENE KAMUSI UNGEIMALIZA.

NIMEONA AIBU TANGU SIKU YA MAKOFI, NIKANYAMAZA.

MNENE YUKO NJIANI. KAZI YAKO SINA NJIA YA KUITUMA.

NAKUOMBA KITU KIMOJA TU.

USINISIFU TENA.

BINTI YAKO