Upepo wa Mbio na Upepo wa Kurudi Nyumbani

Karakana ya Matairi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani? Wifi yangu mzima? Na yule Kipusa wenu, ameshaota meno ya mbele? Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua kila nikichuchumaa kwenye jeki.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena kitandani. Tangu baba atutoke nawe ukaondoka, hakuna anayeniandikia isipokuwa watu wa umeme.

Kwa hiyo umekuwa mtu wa mbio za magari. Wewe uliyekuwa wa mwisho kuvaa viatu kila asubuhi! Nimecheka peke yangu. Lakini nilipofika pale uliposema ulishinda, kisha ukarudi nyumbani na upepo uleule wa matairi ulioupunguza kwa ajili ya mbio, Kipusa akiwa kiti cha nyuma, chakula kilinishinda. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa safari ndefu hujikunja kila ikizunguka, ikapata moto ubavuni, halafu ikapasuka bila kubisha hodi. Mdogo wangu, sina wengine. Ni ninyi tu.

Sasa nikujibu ulichouliza, tairi gani uweke na upepo kiasi gani. Gari lako la mbio ni hilohilo la kwendea kazini, kwa hiyo achana na tairi za mbio zisizo na meno. Kwenye mvua zitakutupa mtaroni. Kwa kuwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma, nyuma weka zile za mpira laini zinazoruhusiwa barabarani. Zitaisha mapema, usininung'unikie. Mbele acha za kawaida.

Upepo wa kila siku fuata kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, wengi hukosea hapo. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Kwenye uwanja wa mbio punguza upepo wa tairi za nyuma tu, kidogo kidogo, ukiangalia gari linavyochomoka. Likianza kuyumba, umepitiliza, rudisha. Wala usiige wenzako, magari yao hayana uzito wa lako.

Na ile desturi ya baba tuliyokuwa tukiicheka, ifuate: anayetoa upepo afunge vifuniko vya vali kwa uzi kwenye ufunguo wa gari, asivifungue mpaka ajaze tena, ili kila akishika ufunguo akumbuke. Nunua pampu ndogo ya umeme, ikae kwenye buti.

Huku karakana imepoa. Wateja huinamia simu zao mpaka nimalize, wanalipa, wanaondoka. Jioni nikifunga nakaa kwenye benchi letu, na bado nakaa upande wangu, sijui namwachia nani ule mwingine. Redio naiwasha ili ndani kuwe na sauti ya mtu. Nimekukumbuka mno.

Shangazi fundi cherehani naye amehamia kwa mwanawe. Alipokuja kuaga alinitazama weee, akasema, "Na wewe funga hii karakana, mwanangu. Utazeeka na matairi." Nilimwambia lazima pawe na mtu wa kukufungulia mlango siku ukija. Akanikumbatia.

Nimeandika mengi kwa swali dogo, nisamehe. Ni zamani sijaulizwa kitu ndani ya nyumba hii. Najua huko uliko mafundi wa matairi wamejaa, na yote haya wangekueleza kabla hujashuka garini. Tafadhali usiwaulize. Niulize mimi.

Msalimie sana wifi, na umbusu Kipusa mashavu yote mawili. Mungu akurudishe salama kwao kila unapotoka.

Wako akupendaye daima,
Dada