Posa ya Mwoka Mikate

Jumatatu, 4 Novemba
Mizigo ya watu wa Kariakoo imefungwa, imepimwa, imeandikwa majina. Mgongo unauma. Maonyesho makubwa ya biashara yamekwisha, wageni wanakimbilia uwanja wa ndege wa Baiyun, na hapa kwenye jengo la Tianxiu, huku kwa Wachina, mpaka lifti inapumua.

Nimepumzika na kitabu changu. Nilikinunua kwa muuza makaratasi, kwa kilo, bei ya mchicha. Hakina jalada. Kinaeleza maneno ya Kiingereza cha kale yalikotoka, hasa ya kazi na vyombo vya nyumbani. Mimi niliishia kidato cha pili, tena nilikaa karibu na dirisha, lakini nakisoma kuliko waliomaliza chuo.

Neno la leo: cheap. Hili tunalolipigia kelele madukani mchana kutwa. Kumbe zamani halikuwa na maana ya rahisi. Lilikuwa biashara yenyewe, kule kupatana bei. Na mtu anayeitwa Chapman, babu yake alikuwa mchuuzi. Smith, mhunzi. Baxter, mwoka mikate, na mwanzoni lilikuwa jina la mwanamke. Wazungu wanatembea na kazi za babu zao kwenye pasipoti. Sisi tunaficha.

Nimewasomea jamaa mkahawani, wamecheka. Wananiita Profesa. Sikatai. Nimefika Dubai, nimefika Istanbul, Bangkok nimelala mpaka nikachoka. Nani mwingine hapa atawaambia kwamba meza tulipewa na Wareno, na chai na hawahawa wenye nyumba tunaowalipa kodi?

Jumatano, 6 Novemba
Athumani kanifuata dukani. Huyu ndiye kijana wa Mombasa anayetuokea boflo na mahamri hapa mtaani Xiaobei, kwenye chumba nyuma ya duka la simu. Bila yeye tungekuwa tumeota mpunga masikioni.

Anataka niwe mshenga wake. Kwa Mzee Khalfani, yule Muunguja anayenunua magauni ya jumla soko la Shisanhang. Anamtaka binti yake, Zuhura. Hilo halikuwa siri. Zuhura huja kununua mkate asubuhi na hukawia kuliko mtu anayenunua mkate.

Shida ni mzee. Anafunga biashara mwezi huu, anarudi Unguja moja kwa moja, na binti anaondoka naye. Kule kuna binamu keshaandaliwa. Na mzee keshasema mbele za watu kwamba binti yake hampi mkandaji unga.

"Profesa," Athumani kaniambia, "wewe waweza kumuuzia Mchina vijiti vya kulia. Niombee."

Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Na ni ndogo kweli kwa mtu kama mimi. Namhurumia kijana. Alikuwa anajifuta unga mikononi wakati mikono ilikuwa safi.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeharibu.

Niandike kwa mpangilio. Baada ya sala nilikwenda kwa Mzee Khalfani. Kanzu, koti, mafuta ya udi. Nilipokewa vizuri. Zuhura alikuwa jikoni, anasikiliza na sufuria zake. Mzee akauliza kijana ana kazi gani, hali anaijua vizuri sana. Mtego.

Mimi sitegeki. Nikamwambia: Mzee, Waingereza wana neno lord. Bwana mkubwa, mwenye ngome na farasi. Neno hilo zamani lilikuwa maneno mawili, maana yake mlinzi wa mkate. Na mkewe, lady, ni mkandaji unga. Ufalme wote ule umeanzia kwenye sinia la unga.

Mzee alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Wallahi? Na Malkia naye?"

"Naye, mzee. Asili yao unga."

Nikaona nimeshinda. Hapo ndipo palikuwa pa kunyamaza.

Mimi Mnyamwezi. Bara nusu ya makabila ni watani zangu. Mgogo nikimkuta nampora kofia na hasemi kitu. Mdomo umezoea. Nikampiga mzee gotini nikasema: "Na usipompa kijana wetu huyu binti, siku ukifa nitaingia mimi kwanza kaburini nilale, na sitoki mpaka nilipwe."

Kwetu hayo ni mapenzi. Mtani asiposema hivyo watu huuliza kama anaumwa.

Kule jikoni sufuria zikanyamaza. Ndipo nikakumbuka. Mama yake Zuhura alifariki Unguja baada ya Iddi Kubwa, na mzee alikuwa huku. Hakuwahi maziko. Nilikuwa najua. Mimi mwenyewe nilikwenda kumpa mkono wa pole.

Mzee hakufoka. Alitazama kikombe chake akasema, "Bwana, kahawa imekwisha."

Nilivaa viatu mlangoni. Nilivivaa kushoto kulia.

Jumamosi, 9 Novemba
Athumani keshajua. Zuhura kampigia. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa. Akatia boflo mbili kwenye mfuko, akanipa, akakataa pesa. Akarudi kwenye tanuri lake. Ningependa anitukane.

Mkahawani Njeri, yule mama wa Nairobi anayenunua viatu, alinidaka kabla sijakaa. "Profesa, ulienda kuposa ama kuzika?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuwapita. Chai sikumaliza.

Jumapili, 10 Novemba
Sikutoka. Hasira, na ni juu yangu mwenyewe. Boflo ya Athumani haimezeki.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimefungua kitabu nitafute neno la kumrudia nalo mzee. Mtu mwenye maneno mengi hivi hawezi kukosa moja. Nikafika kwenye husband. Sisi tunalijua kuwa mume. Zamani, kinasema, lilikuwa mwenye nyumba, yule mkaaji wa nyumba.

Nikamfikiria Mzee Khalfani. Nyumba aliijenga Unguja kwa magauni ya huku. Akakaa huku.

Nimekifunga kitabu. Hilo si la kumwambia mtu.

Nimepiga simu kwake, kapokea Zuhura. Kasema kwa sauti ya chini: "Ami, baba hataki kusikia jina lako. Tikiti zetu za Jumatano ya wiki ijayo." Kisha akaongeza: "Kesho yuko Shisanhang peke yake. Anamalizia mzigo. Na mgongo wake si mzima."

Binti ana akili. Hakuomba kitu.

Jumanne, 12 Novemba
Shisanhang asubuhi. Mikokoteni, makelele, magunia yanatembea na chini yake unaona miguu tu. Nimemkuta mzee kwenye duka la magauni anabishana na laoban, mwenye duka. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

Bunda la kwanza liliposhushwa chini nikalitia begani nikalipeleka garini. Nikarudi, nikachukua lingine. Babu zangu walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu. Watu hudhani ukimwambia Mnyamwezi pagazi umemtukana. Mimi huwa najisifia. Leo sikujisifia, pumzi haikuwepo. Hamali wa Kichina, mzee kama mimi, alinitazama bega, akalisogeza bunda likae karibu na shingo. Likawa jepesi. Kazi ina wenyewe.

Mzee alichagua, laoban akafunga, mimi nikabeba. Kwenye mlango mmoja nilitaka kusema kichekesho kuhusu ngazi. Nikaking'ata.

Mzigo ulipokwisha tulikaa kwenye ngazi hizohizo. Akanunua chupa mbili za chai baridi. Moja akanisogezea bila kunitazama.

"Lile la kaburini," akasema. "Huko kwenu lina maana gani?"

Nikamweleza taratibu. Kwamba mtani ndiye anayechimba. Ndiye anayepika na kuosha vyombo, maana wenye msiba hawana nguvu. Akimaliza kuchimba hulala mle ndani akadai alipwe, ili wafiwa wacheke mara moja. Ukishacheka unaweza kulia sawasawa.

Watu walikuwa wanapita na magunia, wanaturuka miguu.

"Mimi sikuchimba," akasema. "Hata udongo sikutia. Nilikuwa hapahapa nasubiri kontena lijae."

Sikuwa na neno. La Kiingereza, la Kiswahili, la Kinyamwezi, sikuwa nalo. Nililia, mtu mzima, mbele ya wauza magauni. Mzee akanishikia chupa.

Alipoinuka alisema: "Ijumaa namsomea khitma kabla sijaondoka. Uje uoshe vyombo." Alikwenda hatua chache akageuka. "Na yule kijana, mwambie mikate ni juu yake."

Ijumaa, 15 Novemba
Khitma imesomwa. Watu walijaa mpaka kwenye korido, jirani Mchina akafungua mlango akachungulia, akapewa haluwa.

Nimeosha vyombo. Nimeosha vizuri, hata Zuhura kasema.

Athumani alileta mikate ya moto imefungwa kwenye vitambaa. Hakukaa. Alizunguka nayo, wazee kwanza, kisha wale wa koridoni ambao kwa kawaida husahauliwa. Alimwona mzee mmoja hana meno, akamchubulia gamba la boflo, akampa sehemu laini ya ndani. Hakuna aliyemwambia. Mzee Khalfani aliona. Mimi nilimwona akiona.

Wageni walipopungua mzee akaja jikoni. Mikono yangu imo kwenye povu. Kasema: "Mshenga." Ni mara ya kwanza ananiita hivyo. "Mwambie kijana wazee wake wa Mombasa wavuke waje Unguja baada ya mimi kufika. Wasije na maneno mengi. Nitawapokea. La binamu nitalimaliza mimi."

Nilikuwa na ya kusema, mengi. Nikasema, "Nimesikia, mzee."

Zuhura alikuwa anafuta kikombe. Alikifuta kikombe hicho kimoja mpaka mzee akatoka.

Jumamosi, 16 Novemba
Nilikwenda kwa Athumani asubuhi. Mikono imo kwenye unga mpaka viwiko. Dirishani watu washaanza kusimama kusubiri mkate, Njeri mbele yao.

Nikampa ujumbe kama nilivyopewa, sikuongeza chumvi. Akauliza, "Kasema hivyo yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa juu ya gunia la unga. Akafunika uso kwa mikono ilivyo, na donge zima la unga likimning'inia kidoleni.

Njeri alikuwa anagonga kioo. Nikamwonyesha mkono, asubiri.

Nikavua saa, nikapandisha mikono ya shati, nikanawa. Sijui kukanda. Nilikanda hivyohivyo, kwa ngumi, taratibu. Unga ulikuwa bado na vuguvugu la mikono yake.