Ndege wa Mia Moja Arobaini na Nne

Jumamosi, 2 Mei 1992

Barabara ya ziwani, saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne. Umande mwingi, suruali imelowa hadi magotini. Yangeyange kumi na wawili nyuma ya ng'ombe. Hondohondo wawili wanagombana juu ya mgunga, mume na mke bila shaka. Kanga wengi, hawahesabiki, hawatulii. Ndege karani mmoja anapita kwenye nyasi kwa miguu yake mirefu, kama bwana shamba aliyekuja kukagua na hajui akague nini.

Ndege mpya hakuna. Tumebaki na mia moja arobaini na tatu.

Nimeandika "tumebaki". Nilikuwa peke yangu. Miaka tisa mimi na Mwalimu Mkumbo tunakutana kwenye kalavati la kwanza kila Jumamosi. Leo nimekaa juu ya kalavati mpaka makalio yakafa ganzi. Nimerudi Shelui, mke wangu ananiambia Mwalimu alipita alfajiri, kabla sijaamka, ndani ya pikapu ya Faraji. Kiti cha mbele. Kioo kimeshushwa.

Sikumuuliza habari ya kioo. Aliiongeza mwenyewe.

Jumapili, 3 Mei

Faraji namfahamu. Ni wa mjini Singida, babu yake alitoka Pwani na biashara, mama yake Mnyaturu. Sasa ananunua alizeti na samaki wakavu. Zamani alibeba mahindi, na mimi nikamrudisha na magunia yake yote, kijana hana hata ndevu.

Nilikuwa mlinzi wa geti pale njia panda. Gunia lisilo na kibali halipiti. Kwa siku zilipita gari mbili, siku nyingine hapana, na serikali ilinipa kaunta buku nzima ya kuandika kilichopita. Ndipo nikaanza kuandika ndege, maana wao walipita. Kisha serikali ikasema mahindi yako huru kwenda yanakotaka, na mimi pia. Nina kibanda cha sabuni na viberiti. Jina la Geti limebaki.

Mwalimu alisimamisha baiskeli siku moja, akasoma daftari langu, akasema namba nne na namba tisa ni ndege mmoja, dume na jike. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimsubiri barabarani. Tukaanzisha kaunta buku ya pamoja. Kanuni aliitunga yeye: ukimwona ndege mpya, mwandike alivyo, mahali, namba, jina lako. Shahidi si lazima. Neno la mtu linatosha.

Sitini na mmoja niliwaona peke yangu.

Leo baada ya kanisa Mwalimu amenishika mkono. Faraji ana darubini na kitabu cha ndege chenye picha. "Geti, nimeona jicho la mwewe. Jicho lenyewe, na duara lake la njano." Miaka tisa hajaniambia kitu chochote kwa sauti ile.

Jumamosi, 9 Mei

Tumekwenda watatu. Mwalimu mbele, mimi nyuma juu ya magunia matupu.

"Shikamoo, mzee wangu," kasema Faraji. Shikamoo safi, hata pa kuikosoa hapana. "Sasa Mzee Geti, leo unanipitisha au nirudi Singida?"

Mwalimu amecheka mpaka kofia ikadondoka. Nami nimecheka, kwa meno.

Darubini ilikwenda kwa Mwalimu, ikarudi kwa Faraji, ikaenda kwa Mwalimu. Iliponifikia ndege alikuwa ameshaondoka. Nikautazama mti. Nikasema ni mti mzuri.

Halafu kitabu. Namba thelathini na moja sisi tulimwita Shemeji, kwa sababu anaingia jikoni bila kukaribishwa. Kitabu kimempa jina la kapteni fulani wa Kizungu aliyekwisha kufa. Mwalimu ameliandika hilo jina kwenye kaunta buku yetu. Kwa kalamu ya Faraji.

Ninaona wivu. Niandike neno lenyewe, hakuna anayesoma. Ninaona wivu kama mke mkubwa.

Jumatano, 13 Mei

Nimefanya jambo.

Nilikwenda peke yangu, baiskeli, mpaka kile kichaka kinene baada ya kalavati la pili. Hakuna kitu, njiwa tu. Nikakaa kivulini, nikajiambia kwamba kama ningeona ndege ambaye hata kitabu hakina, Mwalimu angekuja kibandani kwangu kwa miguu yake. Nikamngoja ndege huyo. Hakuja. Nikamwandika.

Namba 144. Ukubwa wa shorewanda. Mwili wa majivu. Kifua cha njano kama kiini cha yai. Utosini mwekundu, kama ameshika moto. Sauti: mlingoti wa geti usiopakwa grisi.

Nilimpelekea Mwalimu maelezo shuleni. Saa kumi amekuja. Amekunywa chai vikombe viwili, amekaa mpaka jua likalala. Mdomo wake mfupi au mrefu? Mfupi. Miguu? Myeusi. Mbawa akiruka? Nikampa doa jeupe kwenye bawa. Kila alipouliza nilimwongezea kitu, na kila nilichoongeza kilikaa vizuri. Sijapata kuona ndege kwa uwazi namna ile.

Mchana mzuri kuliko yote tangu Pasaka.

Jumamosi, 16 Mei

Faraji yuko Nzega na mzigo. Tumekwenda wawili, kama zamani. Kwa saa nne nzima tumezunguka kichaka kile, miiba imemchana Mwalimu shati. Nimemwonyesha tawi. "Alikaa hapa." Tawi ni la kweli.

Njiani kurudi ameimba.

Jumanne, 19 Mei

Faraji amemwona.

Amemwona! Nilikuwa nafunga kibanda, akashuka kwenye pikapu anahema. Kasema ametoka ziwani na samaki, ndege akavuka barabara mbele yake, utosi mwekundu, kifua njano, akatua, akatikisa mkia juu chini.

"Hukuandika habari ya mkia, Mzee Geti."

Nimekaa juu ya katoni ya sabuni. Anadanganya. Nchi nzima ni mimi peke yangu ninayejua kwamba anadanganya, na ni mimi peke yangu nisiyeweza kusema. Mwalimu ameandika chini ya maelezo yangu: *hutikisa mkia*. Na jina la Faraji.

Mkia ni wazo zuri. Nilitakiwa niuwaze mimi.

Jumamosi, 23 Mei

Ndege sasa ana watu wengi. Mama muuza samaki amemwona mara mbili. Mchunga ng'ombe mmoja kasema kwao ana jina, na akilia jioni mvua inafuata. Mvua zimekwisha mwezi uliopita. Hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu pekee hajamwona.

Leo tulikuwa watatu kwenye kichaka. Faraji akanyoosha kidole. "Yule pale, Mwalimu. Kulia. Tawi la pili, nyuma ya lile kavu. Anatikisa mkia." Mwalimu akainua darubini. Mimi niliona tawi la kwanza, la pili, na kavu.

"Simwoni."

"Yule, mzee wangu. Ah. Ameruka." Halafu Faraji akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Mzee Geti, wewe umemwona?"

Ningeweza kusema hapana. Ingetosha. Lakini nikawaza kwamba Faraji atakuwa amemwona mara mbili na mimi mara moja.

Nikasema nimemwona.

Mwalimu akashusha darubini. Akaifuta vioo kwa pindo la shati. Havikuwa vichafu. Akamrudishia Faraji, akatangulia kwenda kwenye gari.

Jumatatu, 25 Mei

Neema, binti yetu wa darasa la sita, kaja na habari. Mwalimu amewapanga watoto mwisho wa uwanja wa mpira, kila mmoja ameshika karatasi yenye herufi. Yeye amesimama golini, anafunika jicho moja, anasoma. Kisha jingine. Watoto wamefurahi sana. Neema alikuwa herufi K.

Jioni amekuja kibandani. Hakukaa.

"Geti, macho yangu yamekwisha."

Baba yake alipofuka kwenye umri huu huu. Ninakumbuka, alikuwa anashikishwa ncha ya fimbo kupelekwa kisimani. Mwalimu kasema barabarani hatakwenda tena, anatuchelewesha. Jumamosi atamkabidhi Faraji kaunta buku. Faraji ana gari, ana darubini. "Ninyi mnaona," kasema.

Nilimuuzia kiberiti. Nikahesabu chenji mara mbili.

Alhamisi, 28 Mei

Siku tatu nimejipangia namna ya kusema. Nikisema, Faraji naye anaanguka. Hilo limenipendeza. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikinyamaza, hakuna anayejua. Mwalimu atakaa uani kwake, akisubiri giza ambalo halipo.

Nimemwambia Mama Neema yote. Alikuwa anapepeta mtama. Hakusimamisha ungo.

"Baba Neema, yaani umempofusha mtu mzima kwa ajili ya kiti cha mbele?"

Nikamweleza kwamba haikuwa kiti tu. Kulikuwa na kitabu, kulikuwa na kalamu. Akanitazama. Nikaenda kujaza baiskeli upepo.

Ijumaa, 29 Mei

Nimekwenda. Mwalimu alikuwa uani anapura mtama, shati limelowa mgongoni. Nimesema nikiwa bado nimeshika baiskeli, ili nisije nikaketi nikaahirisha.

"Hakuna ndege."

"Ndege gani?"

"Mia moja arobaini na nne. Nilimtunga. Macho yako hayana kitu."

Ameshusha fimbo ya kupuria. "Jumamosi ulisema umemwona."

"Sikumwona."

"Na Faraji?"

"Kamuulize Faraji." Nimelisema kwa ladha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Amefunika jicho la kushoto, akatazama gunia lililoanikwa kwenye ua wa jirani, midomo ikisoma maandishi yake kimyakimya. Akafunika la kulia, akasoma tena. Akaketi kwenye kinu kilicholala. Nilidhani analia. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyetua mzigo. Nikatabasamu kidogo. Nikafikiri yamekwisha.

"Geti. Wengine ni wangapi?"

"Wengine wepi?"

"Uliowatunga."

Nimeapa hakuna. Nimemwapia kwa Mungu na kwa mtoto.

"Nitajuaje?"

Ameingia ndani, ametoka na kaunta buku na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Amefungua ukurasa wa kwanza. Kila penye jina langu peke yangu ameweka alama ya kuuliza. Hakuruka hata mmoja. Sitini na mmoja. Kuku wamekula mtama wake na hakuwafukuza. Mimi nilisimama na baiskeli mkononi mpaka akafika mwisho. Kisha akampiga mstari yule wa mia moja arobaini na nne, kwa rula.

Nimewaona wote wale. Kila mmoja, kwa macho yangu, kwenye jua. Na sasa siwezi kumthibitisha hata mmoja.

Jumapili, 31 Mei

Faraji amekiri. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu, viatu mkononi. Kasema alipoona Mwalimu anavyomfurahia ndege wangu, naye alitaka kumletea furaha hiyo. Basi na yeye pia, kama mimi. Nilikuwa nimemchukia kwa vitu vyote isipokuwa hicho.

Mwalimu ametupa adhabu, maana anajua kutoa adhabu. Wale sitini na mmoja waonwe upya, mmoja mmoja, kwa shahidi. Shahidi wangu ni Faraji. Shahidi wa Faraji ni mimi. Kwa miguu. Yeye atatembea peke yake, upande wa reli ya zamani ya mgodi, mpaka alama za kuuliza ziishe.

Nimesema baadhi ya wale ndege huja mara moja kwa mwaka. Kasema anajua.

Jumamosi, 6 Juni

Barabara ya ziwani, saa kumi na mbili hadi saa nane. Upepo. Nyasi zimeanza kukauka. Tumetembea Faraji kulia, mimi kushoto, barabara katikati yetu. Amesema shikamoo, nimesema marahaba. Baada ya hapo, hapana.

Tulikuwa tunamtafuta namba saba. Mdogo, rangi ya vumbi, hukimbia mbele ya baiskeli na hakubali kuruka mpaka akaribie kukanyagwa. Ndege wa kawaida kabisa. Wiki nyingine wapo ishirini. Leo hakuna. Saa nne, hakuna. Saa sita Faraji akagawa mihogo ya kuchemsha, nikaipokea.

Saa saba na robo akatoka mmoja kwenye nyasi, akaanza kutembea mbele yetu. Tukalala kifudifudi kwenye vumbi, wanaume wazima wawili. Lori la samaki likatuzunguka, dereva akauliza kama tuko salama. Faraji alitazama. Kisha akanisogezea darubini bila kusema, na ndege alikuwa bado yupo.

Ana mstari mwembamba mweusi kifuani. Mwembamba kama uzi. Nilimwandika miaka tisa iliyopita, nimemwona mara mia, sikuwahi kujua.

Nikamnong'oneza habari ya mstari. Faraji akatazama tena, akatikisa kichwa kukubali.

Jioni Mwalimu ametusikiliza akiwa amesimama. Amefuta alama moja, akaandika habari ya mstari, kalamu ikasita.

"Nani ameuona kwanza?"

Nilitaka kujibu. Nikajua kwamba jibu langu halina uzito.

"Mzee Geti," kasema Faraji.

Mwalimu amemtazama yeye, si mimi. Kisha ameandika. Wamebaki sitini.