Swali la Kura Saluni

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka Durban, joto la hapa linalowesha nguo hata ukiwa umekaa tu. Jana nilikuwa nasukwa saluni kwa Mama Neema, huku mtaa wa Point. Akaingia mwanaume mmoja wa nchi yetu, hakuna aliyemjua, akaanza kuuliza kila mtu: “Ikipigwa kura ya kumwondoa rais wa kwetu, utasema ndiyo ao hapana?” Wenzangu walicheka, wakasema ndiyo. Mimi nikaona simu yake inarekodi. Nikamwambia: “Papa, nani amekutuma?” Akatabasamu tu, akaniuliza jina la baba yangu. Nilimtajia la uongo, nikatoka nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

Mkumbatie Mama, mle vizuri. Mtu akija hapo nyumbani kuniulizia, sema hunijui.

Akupendaye,
mdogo wako