Walikuja na Ingobyi Kunibeba

Rebero, Kigali
1991

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Natumai wewe na shemeji hamjambo, na Mama kifua kimemwachia. Mimi ni mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, maana nakujua.

Uliniandikia kwamba kama huku sina mtu wa kunitazama, nifunge cherehani nirudi Ujiji. Ni kweli sikuwa naye. Tangu nitibiwe ile saratani ya damu sikumweleza mtu hapa, na mwezi uliopita uchovu uliponirudia niliogopa sana. Nilipimwa, nikaambiwa nifuate majibu Jumatatu. Nikamuuliza muuguzi kama kuna chama cha watu waliopona ugonjwa wangu. Akasema hajakisikia, ila mlimani kwetu lazima kipo chama cha ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo majirani hubebea wagonjwa.

Nikaenda kwa Mzee Kalisa, kiongozi wao. Nikamweleza yote, nikaomba mtu mmoja tu wa kukaa nami nikisubiri majibu, kama ulivyokaa wewe.

Jumatatu asubuhi wakaja wanaume wanne na ingobyi, imetandikwa na blanketi!

"Lala, fundi," akasema Kalisa. "Mugonjwa ya damu hapana tembea."

"Mzee, miguu yangu ni mizima."

"Miguu iko ya kesho. Leo sisi tunabeba."

Tulibishana mpaka majirani wakatoka nje. Mwishowe nilitembea, nao wakanifuata na ingobyi tupu hadi hospitalini, na kila tuliyepishana naye akitupa pole ya msiba, akidhani tunafuata maiti. Niliona haya, Dada! Lakini walikaa wote kwenye benchi pamoja nami mpaka nilipoitwa. Daktari akasema damu ni safi, uchovu ule ni malaria tu.

Juzi mke wa jirani alishikwa na uchungu. Kalisa akabisha kwangu: "Fundi, toka. Zamu yako." Hakuniuliza kama naweza. Nilishika mti wa mbele wa ingobyi mpaka zahanati, na mtoto amezaliwa salama. Bega limevimba, nami nimefurahi kuliko siku ya majibu.

Kwa hiyo sirudi, usininunie. Nisalimie shemeji, na Shangazi Mwajuma aliyenipikia uji miezi ile yote. Mwambie Mama nitakuja Idi, kuwaona tu, si kuuguzwa.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi