Kidonda Kilichofunga Juu Tu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kimandolu hatujambo, babu yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini sikuamini nilipoambiwa goti langu la bandia linapona vizuri. Nilipokuwa msichana, ng'ombe wetu alichomwa na kisiki mguuni. Kidonda kikafunga, lakini mama alikigusa akasema, "Kina joto. Kimefunga juu tu." Baba akamcheka. Ng'ombe akafa, nikalia sana.

Basi goti langu lilipoanza kuwaka moto, nikamwambia daktari, "Mshono ni mzuri, ila siuamini." Akavuta maji kwa sindano, vipimo vikaonyesha maambukizi. Nikafunguliwa tena, nikasafishwa.

Sasa natembea mwenyewe hadi kanisani. Daktari anasema nimepona kabisa. Nimemjibu, "Tutaona, mwanangu."

Bibi yako